Saa Moja na Nusu ya Baba

Asila, mwanangu,

Salamu siziandiki, kwa sababu uko chumba cha pili na ninakusikia ukibishana na zipu ya begi. Alasiri tumeshaswali. Baba yuko nje anaosha gari kwa safari yenu ya kesho ya Sur, kwa Shangazi utakakokaa, na mimi nimejifungia humu kwa kisingizio kwamba napiga pasi nguo zako za skuli. Nguo nilizimaliza jana.

Najua hilo neno mwanangu linakuchekesha siku hizi, hasa mbele ya marafiki zako. Mimi nina miaka kumi na minane, wewe kumi na mitatu. Lakini Mama alipofariki ulikuwa na mitano, na ulikataa kulala mpaka mtu akuite mwanangu kama alivyokuwa akikuita yeye. Baba alijaribu, ukamwambia sauti yake nene. Nikaita mimi. Majirani walicheka, kisha wakazoea, na mimi nikasahau kwamba kulikuwa na siku nilikuita kwa jina tu.

Mambo ya kula, kuvaa na kusoma atakwambia Shangazi Ruqia, na kila moja atakwambia mara tatu. Hayo siyaandiki. Wala sitaki uondoke ukidhani tunakutoa nyumbani. Baba amehamishiwa ofisi ya Izki na anarudi Alkhamisi tu, mimi naanza chuo Nizwa, na nyumba hii ya Ibra haiwezi kukaa na mtoto peke yake. Hilo unalijua. Lipo jambo jingine usilolijua, na nimeona siwezi kukuacha upande gari ukiwa hulijui.

Juzi ulipokuwa unazungumza na Shangazi kwenye simu, mimi nilikuwa jikoni. Alikuwa anakwambia atakufundisha kudarizi kofia, kwa sababu macho yake yamechoka na anataka mtu wa kuendeleza kazi yake. Ukamjibu, "Shangazi, mimi si mtu wa kushika vitu vidogo. Mikono yangu mizito." Hukusema kwa huzuni. Ulisema kama mtu anayetaja saizi ya kiatu chake. Nikaacha kukata vitunguu.

Mikono yako si mizito, Asila. Aliyekufanya uamini hivyo namjua, kwa sababu ni mimi.

Nakuandikia kwa Kiswahili, ingawa tukiwa wawili tunasemezana Kiarabu, kwa kuwa kosa lenyewe lilianzia kwenye Kiswahili. Nataka nilirudishe kulekule lilikotoka.

Siku ya saa nane ulikuwa mdogo sana kuikumbuka, lakini umeisikia ikisimuliwa. Ilikuwa Idi ya kwanza baada ya Mama. Shangazi alipiga simu kutoka Sur akasema watafika saa nane na watakula kwetu. Mimi saa nilijifunza skuli, kwa Kiarabu, na nane kwangu ilikuwa nane iliyoandikwa kwenye simu. Nikajua wanakuja baada ya Isha, nina siku nzima ya kupika. Saa nane ya Waswahili, yaani jua bado liko juu kabisa, magari mawili yakasimama mlangoni na mchele ulikuwa haujaoshwa. Nyama ilikuwa jiwe, imetoka kwenye friza dakika hiyo. Shangazi alitazama sufuria, akanitazama mimi, akacheka mpaka akakaa kwenye gunia. "Kiswahili chako kimekaa juani, binti," aliniambia. Tangu siku hiyo nikawa Bi Saa Nane. Baba aliniita hivyo kwa mapenzi, na binamu zetu kwa kunichokoza. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sikuona tofauti.

Kuanzia hapo nikapunguza kusema Kiswahili mbele ya watu. Nikiambiwa jambo ambalo sikulifahamu vizuri, niliitikia "naam" kisha nikaondoka kwenda kulikisia. Mara nyingi nilikisia sawa. Hiyo ndiyo hatari ya kukisia, kwamba mara nyingi unapata, na unaacha kuhesabu siku ulizokosa.

Sasa nikurudishe kwenye chumba cha nyuma, kile kilichokuwa stoo ya tende kabla Baba hajaweka kabati la chuma na kubandika kibali chake cha kutengeneza risasi ukutani. Wewe ulikipenda kuliko sisi sote. Ulikuwa unajua mpangilio wa kazi ukiwa na miaka tisa: maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa yanasafishwa, yanatiwa fataki mpya ya kuwashia chini, yanapimiwa baruti, halafu kichwa cha risasi kinakalishwa juu kwa ile mashine ya mkono. Wenzako walikuwa wanajua majina ya waimbaji. Wewe ulijua kwamba ganda likipigwa hurefuka kidogo na lazima lipunguzwe.

Sijui kama Baba alikusimulia kwa nini alianza kujitengenezea risasi. Mimi nilimuuliza mara moja tu, na nilijilazimisha. Huku kwetu wanyama wa porini hawaguswi, na Baba hajawahi kuelekeza mtutu kwa kiumbe chochote cha nchi hii. Risasi zile ni za Tabora, kwenye safari yake ya kila baada ya mwaka mmoja, anapokwenda na Ami Suleiman kukata leseni na kuwinda kwa ajili ya nyama ya ndugu waliobaki kule. Alipokuwa kijana hukohuko alimpiga kongoni kwa risasi kuukuu alizonunua dukani. Ilikwenda upande, ikampata tumboni. Alimfuata siku mbili. "Nilimkuta amesimama," aliniambia, "ananitazama nikija." Alichukua ganda jingine akaendelea kulisugua. Baadaye nikamsikia akimwambia Ami Suleiman kwamba mnyama ana haki ya risasi moja, na anayetaka kuwinda ajihakikishie hiyo moja kabla hajatoka nyumbani.

Ndiyo maana ya zile Ijumaa zote kwenye kiwanja cha shabaha, huko uwandani nyuma ya Bidiya kabla mchanga haujaanza. Kipimo cha baruti alianza nacho chini kabisa, kama kitabu kinavyosema, akapanda kidogo kidogo, na kila kipimo alikipiga risasi tatu kwenye karatasi. Nilimuuliza kwa nini tatu. Akasema moja haisemi kitu, mbili zinabishana, na tatu ndiyo mwanzo wa kuelewana. Kisha alikuwa anapima kwa rula umbali wa tundu na tundu, na anachunguza komeo la bunduki, ule mkono wa chuma anaouvuta kutoa ganda, kama limefunguka laini au zito. Likiwa zito, maana yake nguvu imezidi ndani, na kipimo hicho kinaachwa hata kama matundu yake ni mazuri.

Mizani ilikuwa yako. Ulikuwa unadondosha baruti kwa kijiko kile kidogo cha shaba, punje kwa punje, umefumba mdomo na pumzi umeibana. Baba alikuwa anazima feni ili upepo usikusumbue, akavumilia joto mwenyewe. Kazi yangu mimi ilikuwa kuandika. Nilipewa kuandika kwa sababu mwandiko wangu mzuri na kwa sababu kuandika hakuhitaji kusema.

Kitu kilichomtisha Baba ni joto. Baruti iliyopata joto inawaka kwa nguvu zaidi, na kipimo kilicho kipole asubuhi ya mwezi wa kwanza kinaweza kuwa kikali mchana wa mwezi wa tano. Kwa hiyo kila kipimo alichokipenda alitaka kipigwe asubuhi na baridi, kisha siku nyingine mchana na jua. Mimi nilikuwa naandika saa kwenye vipande vya karatasi. Siku nyingine Baba alisema mwenyewe kutoka mezani, "Andika, saa moja na nusu," nami nikaandika 1.30 kama alivyosema. Siku nyingine alikuwa kimya, nikatazama simu na kuandika 1.30 ya simu. Umeshaona. Saa moja na nusu ya Baba ni jua linaanza kupanda. Ya simu ni jua la utosi. Kwenye bahasha nilimoweka vipande hivyo, zote mbili ziliandikwa sawasawa.

Mwezi wa nne wa mwaka jana nikaamua kumfurahisha. Nilinunua daftari lenye jalada gumu nikaanza kunakili vipande vyote kwa rula, na kalamu ya kijani kwa Baridi na nyekundu kwa Joto. Nilijivunia sana kurasa zile. Nikafika kwenye kipimo cha juu, kile kilichotoa matundu matatu yanayofunikwa na kizibo cha chupa ya maji, ambacho Baba alikuwa anakitamani. Kipande kilisema saa 1.30. Nikasita. Nakumbuka nilisita, kwa hiyo siwezi kukwambia kwamba sikujua. Baba alikuwa sebuleni na Ami Suleiman na wageni wengine wawili wa Muscat. Ilikuwa niende mlangoni niulize, Baba, hii saa moja na nusu ni ya Kiswahili au ya simu? Nikawasikia wakicheka kabla sijaondoka kwenye kiti. Walikuwa wanacheka mambo yao, lakini mimi nilisikia Bi Saa Nane.

Nikachukua kalamu nyekundu, nikaandika kwenye ukurasa wa Joto.

Baba alipolitazama daftari aliona kipimo hicho hakimo kwenye Baridi. Akasema haidhuru, joto ndilo la kuogopwa, na kama kimepita huko kimepita. Akanishika kichwa. Akaliamini daftari langu kuliko kumbukumbu yake, kwa sababu Ijumaa zilikuwa nyingi na mwandiko ulikuwa mzuri.

Sasa ile Ijumaa. Wewe unaikumbuka kwa upande wako, nami nitakwambia upande wangu. Tulikwenda baada ya swala ya Ijumaa ili Baba ahakikishe boksi la Tabora, risasi ishirini ulizozipima wewe. Tulipokuwa tunaswali, boksi lilibaki mbele ya gari, chini ya kioo. Baba hakujali, kwa kuwa alidhani risasi zile zimeshapita kwenye joto. Ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili, komeo likakataa, akaligonga kwa kiganja mpaka likafunguka. Alilitazama ganda muda mrefu. Kisha akanigeukia pale nilipokaa kwenye kivuli cha gari na daftari mapajani, akauliza, "Rahma, hii tuliipiga kwenye joto?"

Nikafungua ukurasa. "Naam, Baba," nikasema. "Saa moja na nusu mchana."

Asila, hakuna Mswahili anayesema saa moja na nusu mchana. Haipo saa hiyo. Angenisikia, angejua papo hapo kwamba nimekosea, angecheka, na angeshusha bunduki. Lakini alikuwa amevaa viziba masikio vyake vikubwa, na mimi nilisema kwa ile sauti yangu ambayo hata bila viziba watu hunambia nirudie. Aliona tu kichwa changu kinaitikia. Akageuka, akaweka ya tatu.

Mlio wake wewe ulisema ulikuwa kama bati. Ganda lilipasuka, moshi ukarudi nyuma usoni mwake. Miwani iliokoa jicho, lakini ufa ulipita kioo kizima na shavu likaungua mpaka leo kuna lile doa. Wewe ndiye uliyekimbia na chupa ya maji. Yule bwana wa meza ya jirani ndiye aliyetuendesha mpaka hospitali. Mimi nilibeba daftari. Nilishuka nalo hospitali, nikakaa nalo, nikarudi nalo.

Kesho yake baada ya chakula Baba alikuita chumba cha nyuma. Nilikuwa mlangoni na sinia la chai. Alikuwa na bandeji na alizungumza taratibu kwa sababu shavu lilikuwa linamuuma. Akauliza, "Boksi hili nani alilipima?" Ukasema, "Mimi, Baba." Akatikisa kichwa, akasema basi, mizani tuiweke kando kwa sasa. Hakukukaripia. Ungekaripiwa pengine ungelia na kukataa. Ulikwenda kunawa mikono, na hukukaa tena kwenye meza ile.

Nimeifikiria sana siku hiyo. Baba aliuliza nani amepima, wala hakuuliza nani amekosea. Wewe ulijibu kweli. Lakini wote watatu, pale chumbani, tulisikia swali jingine na jibu jingine. Popote utakapokuwa, mwanangu, ukiulizwa kama ulikuwepo, sema ulikuwepo, na hapo usimame kidogo. Kuwepo hakutoshi kukufanya mkosa. Msubiri mtu aulize swali la pili, na asipouliza, muulize wewe.

Siku ya tatu nikafungua bahasha. Nilikuwa bado nina matumaini. Nikakitafuta kile kipande, nikakitazama, 1.30, halafu kwa mara ya kwanza nikakigeuza. Nyuma yake, kwa mwandiko wangu mwenyewe wa haraka, kuliandikwa: Baba kavaa koti. Mchana wa Ibra mtu havai koti, hata mwezi wa kwanza. Ilikuwa asubuhi. Kipimo kile hakijawahi kuliona jua.

Kwa hiyo nilijua tangu siku ya tatu. Nimelijua mwaka mzima na zaidi. Nilipanga kusema Baba akitolewa bandeji. Akatolewa. Nikasema nitasema akirudi kutoka Tabora, akaenda na risasi za dukani, akarudi, na hakumpiga mnyama hata mmoja. Ami Suleiman alisema Baba alilenga mara nyingi na kila mara akashusha. Nikaona sasa nimechelewa, na kuchelewa kwenyewe kukawa kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza, na la pili ndilo lililonifunga mdomo nisiliseme la kwanza.

Badala yake nikawa mwema. Hukushangaa kwa nini nilianza kukuoshea vyombo vyako, kukununulia kila ulichokitazama dukani, kukupa kiti cha mbele? Ulinishukuru, na kila ukinishukuru nilipata nafuu ya siku moja. Halafu walikuja wageni, Baba akakwambia uwamiminie kahawa, ukasema mikono yako mizito, na wote tukachukulia kuwa unaona haya. Halafu mwalimu wako wa sayansi akaniambia kwamba kwenye maabara unachagua kuandika na unawaachia wenzako wapime. Kuandika! Ulichukua kazi yangu, ukajificha mahali palepale nilipojificha mimi.

Mtu akikutendea wema usiouelewa, mwulize kuna nini. Mimi ungeniuliza ningekwambia. Au pengine nisingekwambia, lakini ningejua kwamba umeona.

Nilichojifunza kingine ni kidogo, na nimekipata kwa gharama yako. Mwaka huu nimekuwa nikimwandikia Shangazi ujumbe kila siku kwa Kiswahili, na kila siku ananirekebisha na kunicheka. Mwanzoni nilikuwa naificha simu uso chini. Sasa nimegundua kwamba kicheko cha Shangazi kinakaa muda mfupi sana. Anacheka, anarekebisha, anaendelea na habari ya samaki aliyenunua. Mimi ndiye niliyekuwa nakibeba miaka minane. Atakucheka na wewe, maana Kiswahili chako hata ngeli hazijui njia. Mwache acheke, na ukimaliza kusikiliza, uliza tena.

Na hili la mikono. Baba alitufundisha kwamba risasi moja haisemi kitu. Hakuna karatasi aliyoitupa kwa sababu ya tundu moja. Wewe ulipima kwenye mizani ile miaka mitatu, mamia ya maganda, na tukakuhukumu kwa moja. Hatukukupa hata zile tatu.

Nimeandika mpaka hapa na nimeona ninafanya tena mambo yangu. Barua ni kusema bila kusikika. Ungeisoma Sur, mimi niko Nizwa, na Baba angebaki hajui. Ngoja.

*

Nimerudi.

Nilimkuta Baba anasuuza magurudumu. Nikampa kile kipande, nikamwambia kila kitu, na nilisema kwa sauti mpaka paka akatoka chini ya gari. Alifunga bomba kwanza. Akasoma mbele, akageuza, akasoma nyuma, akageuza tena mbele. Akaniuliza nimejua lini. Nikamwambia siku ya tatu. Akauliza ya mwaka jana? Nikasema naam. Akakaa kwenye ngazi na suruali yake ilivyolowa.

"Ulikuwa unaniogopa mimi," akauliza, "au unaogopa Kiswahili?"

Nikamwambia nilikuwa naogopa kuchekwa.

Akasema yeye ndiye aliyelifanya lile jina la Saa Nane lidumu, maana wengine walishalisahau. Kisha akanieleza jambo ambalo ninakuandikia kama lilivyo, kwa sababu ni lako. Wiki ile ile, akiwa na bandeji, alizivunja zile risasi kumi na saba zilizobaki kwenye boksi na kuipima baruti ya kila moja. Zote zilikuwa sawa. Hakuna hata moja iliyozidi wala iliyopungua punje.

Nikamuuliza kwa nini hakukwambia.

"Nilijiambia basi ni ile iliyopasuka," akasema. "Ile haiwezi kupimwa tena. Nilitaka iwe ile."

Hakunikaripia. Alisema huu mwaka mzima wa kunyamaza tutauzungumza mimi na yeye, lakini si leo, na najua atauzungumza kweli, kwenye njia ya Nizwa ambako siwezi kushuka garini. Akaniuliza kama wewe umelala. Nikasema unapanga begi. Akajifuta mikono, akaacha gari lina sabuni upande mmoja, akaingia ndani na kile kipande mkononi.

Sasa hivi amesimama mlangoni kwako. Amebisha mara moja, ukauliza nani. Anakohoa. Nimesikia kitasa.

Nimefunga mlango wangu nisiyasikie mengine. Utakapoisoma barua hii utakuwa unajua alichokwambia, na mimi sitakuwa najua. Hicho kikae kwako, mwanangu. Kama siku moja utataka kunisimulia, nitakusikiliza, na nisipofahamu nitakuuliza.

Anayekupenda na anayekuomba radhi,
Rahma